Uchambuzi wa kisa: kuchagua lango la mtandao wa simu kwa matangi ya maji yasiyo na umeme

Kisa hiki kinahusu mradi wa maji wa vijiji kadhaa katika kanda ya kati ya Tanzania. Majina ya mradi, vijiji, wauzaji wa vifaa na kampuni za simu yameondolewa, na baadhi ya maelezo ya mahali yamebadilishwa ili mradi usitambulike. Ninapoandika "lango" nina maana ya kile kiboksi kinachosoma sensa (kifaa cha kupima, hapa kina cha maji) kisha kutuma vipimo kwenye seva kupitia mtandao wa simu.

Hali ilivyokuwa

Mradi unaendeshwa na chombo cha watumia maji ngazi ya jamii chini ya RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), kama ilivyo kwa miradi mingi ya vijijini tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Una visima virefu vitatu vyenye pampu: viwili vinatumia sola, kimoja kiko kwenye laini ya umeme ya TANESCO. Maji yanasukumwa hadi matangi sita yaliyojengwa vilimani, kisha yanashuka kwa mserereko hadi vituo vya kuchotea maji.

Mhudumu wa pampu aliyekuwa kisimani hakuwa na namna ya kujua hali ya tangi lililo kilomita kadhaa juu yake. Tangi moja lilifurika usiku huku la kijiji cha pili likikauka kabla ya alfajiri. Maji yaliyomwagika yalikuwa yameshalipiwa umeme, na gharama hiyo ilirudi kwa yule anayenunua ndoo kituoni. Fundi wa mradi alizunguka kwa pikipiki kutazama matangi kwa macho, na masika yakiingia baadhi ya vilima havikufikika.

Kwenye visima uteuzi ulikuwa rahisi. Penye umeme unaweza kufunga ruta ya kawaida ya viwandani, ukaiacha imewaka muda wote. Kazi ngumu ilikuwa matangini, ambako kuna zege, bomba, chemba ya valvu yenye mfuniko wa chuma, na hakuna waya wa umeme hata mmoja. Uchambuzi huu unashughulika na matangi hayo sita tu.

Sharti moja liliwekwa na kamati ya maji mapema sana: hakuna paneli ya sola itakayofungwa kwenye kilima kisicho na mlinzi. Mradi wa jirani ulikuwa umeibiwa paneli zake. Kati ya masharti yote yaliyoingia kwenye zabuni, hilo ndilo lililoamua mambo mengi zaidi, na lilitoka kwa wanakijiji.

Uamuzi wa kwanza na sababu zake

Pendekezo la kwanza lilikuwa kutumia ruta ileile ya visimani hata matangini, ili fundi awe na kifaa cha aina moja. Hesabu ililiua pendekezo hilo upesi. Ruta ya wati 3 inayowaka mchana na usiku inakula wati-saa 72 kwa siku. Ukitaka ivumilie siku tatu za mawingu bila kuishusha betri ya risasi chini ya nusu, unahitaji betri ya volti 12 isiyopungua ampia-saa 36, pamoja na paneli ya wati 30 au 40. Hayo yote ni kwa ajili ya kutuma namba moja, kina cha maji, kila baada ya muda. Na paneli zilikuwa zimeshakatazwa.

Timu ikageukia malango ya betri yanayotumia NB-IoT. Hii ni njia ya mawasiliano iliyosanifiwa na 3GPP, chombo cha kimataifa cha viwango vya mitandao ya simu, katika Toleo la 13, mwaka 2016, mahususi kwa vifaa vinavyotuma data kidogo na kulala muda mrefu. Inatumia kipande chembamba cha masafa, kilohezi 180 tu, na kwa usanifu wake inavumilia upotevu wa mawimbi wa takribani desibeli 20 zaidi ya GPRS, yaani data ya 2G. Kwa maandishi, hiyo ndiyo njia inayofaa kilima cha mbali. Karatasi ya sifa za kifaa kilichochaguliwa iliandika kwa herufi nene mkondo wa usingizini wa maikroampia chache, na maisha ya betri ya miaka kumi.

Kifaa kilijaribiwa mjini, juu ya meza ya ofisi, na kilifanya kazi bila tatizo. Vifaa vya matangi yote sita vikaagizwa.

Kilichotokea vilimani

Kwenye matangi matatu lango halikujiunga na mtandao kabisa. Simu ya fundi ilishika 4G ukiwa umesimama juu ya tangi, lakini hilo halikusaidia kitu. NB-IoT inahitaji kampuni ya simu iiwashe kwenye mnara husika, na mnara unaotoa 4G ya kawaida kwa wanakijiji unaweza usiwe na NB-IoT hata kidogo. Ramani ya eneo iliyotolewa wakati wa ununuzi ilihusu 4G kwa jumla.

Kwenye matangi matatu yaliyobaki vipimo vilianza kufika, kisha vikakatika kimoja baada ya kingine kabla ya wiki mbili kuisha. Hapa timu ilipoteza muda mwingi. Kwa kuwa matangi matatu ya kwanza yalikuwa na tatizo la mtandao, kila mtu aliamini haya nayo yana tatizo lilelile. Kampuni ya simu iliandikiwa barua, antena zikabadilishwa. Skrini ya ofisini ilionyesha volti ya betri ikiwa 3.6 hadi saa ya mwisho, kwa hiyo hakuna aliyeishuku betri.

Volti hiyo ndiyo iliyowapoteza. Betri zilizotumika ni za lithiamu thaionili kloridi, zisizochajiwa, saizi ya D, zenye ampia-saa 19 kila moja. Sifa ya kemia hii ni kwamba volti hubaki palepale karibu maisha yote ya betri, kisha huporomoka ghafla inapokaribia kuisha. Kwa betri ya risasi, volti inakupa picha ya kiasi kilichobaki. Kwa hizi haikupi. Lango linalotumia betri hizi lazima lihesabu lenyewe umeme linaoutumia, na hili halikuwa na uwezo huo.

Kupima upya mezani

Mafanikio yalianza siku fundi mmoja alipochukua lango na sensa yake akavipima mkondo kwa saa nzima akiwa karakana. Lango lilipolala, mkondo haukushuka hadi maikroampia. Ulibaki kwenye makumi ya miliampia, kwa sababu sensa ya kina haikulala pamoja na lango. Ilikuwa sensa ya kawaida ya viwandani inayoonyesha kipimo chake kwa mkondo wa miliampia 4 hadi 20, inayolishwa volti 24, na ilikuwa imefungwa kwenye tokeo la umeme lisilozimwa.

Hesabu ya hapo ni fupi na kila anayechagua vifaa hivi anapaswa kuifanya kwa mkono wake. Sensa ikiwa katikati ya kipimo chake inavuta kama miliampia 12 kwa volti 24, yaani wati 0.288. Ukijumlisha upotevu wa kibadilishi kinachopandisha volti 3.6 hadi 24, tuseme kina ufanisi wa asilimia 85, unapata wati-saa 8.1 kwa siku. Betri mbili za saizi ya D zina wati-saa 137 kwa jina. Ukiondoa joto, kujichakaza (betri kuisha yenyewe hata isipotumika) na sehemu isiyotumika, hesabu ya tahadhari ni asilimia 60, yaani wati-saa 82 hivi. Gawanya: siku kumi. Ndiyo siku walizopata vilimani, wengine wakiongeza kidogo.

Sasa fanya sensa iwashwe kwa sekunde 5 kila dakika 15, isome, izimwe. Kwa siku inawaka dakika 8 tu, na inakula wati-saa 0.045. Lango likituma mara nne kwa siku, kila safari ikichukua sekunde 40 kwa wastani wa wati 0.45, hiyo ni wati-saa 0.02. Usingizi wenyewe, hata ukiwa maikroampia 20, ni wati-saa 0.0017 kwa siku. Jumla ni 0.067, na betri zilezile mbili zinafika zaidi ya miaka mitatu.

Tazama mgawanyo huo. Mkondo wa usingizini, ule ulioandikwa kwa herufi nene kwenye karatasi na uliotumika kulinganisha wauzaji, ni chini ya asilimia 3 ya matumizi yote. Theluthi mbili ni sensa, ambayo hata haikuwa kwenye jedwali la kulinganisha malango.

Kupima upya kilimani

Baada ya hapo timu ilifanya kazi iliyostahili kutangulia ununuzi. Katika kila tangi ilipima nguvu ya mawimbi kwa laini za kampuni zote zinazofika eneo hilo, ndani ya chemba na juu ya tangi, asubuhi na jioni. Tofauti kati ya chemba na juu ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya kampuni na kampuni. Kwenye tangi moja kipimo cha 4G kilikuwa hasi 118 dBm ndani ya chemba mfuniko ukiwa umefungwa, na hasi 103 mita mbili juu yake (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi; namba ikikaribia sifuri, mawimbi ni bora). Desibeli 15 ni nguvu mara thelathini na zaidi.

Kipimo hicho kinaingia moja kwa moja kwenye betri. Lango lenye mawimbi dhaifu hutafuta mnara kwa muda mrefu, hutuma kwa nguvu zote lilizo nazo, na NB-IoT hurudia ujumbe uleule mara nyingi, hadi mara 128 wakati wa kutuma. Hivyo ndivyo inavyopata zile desibeli 20 za ziada, na gharama yake inalipwa na betri. Ukichukua safari ya sekunde 40 ikageuka kuwa sekunde 150 kwa wati 0.76, matumizi ya siku yanapanda kutoka 0.067 hadi 0.174, na miaka mitatu inakuwa mwaka mmoja na miezi mitatu. Betri ni ileile, lango ni lilelile, na kilichobadilika ni mahali antena ilipokaa.

Kulikuwa pia na suala la usingizi wenyewe. Kifaa hakijipangii muda wa kulala. Kinauomba mtandao, na mtandao ndio unaoamua. Kwenye tangi mojawapo kifaa kiliomba saa 24, kikapewa muda mfupi zaidi, kikawa kinaamka kujitambulisha mara nyingi kuliko ilivyopangwa. Hilo halionekani popote isipokuwa ukisoma majibu ya modemu, sehemu ya lango inayowasiliana na mnara.

Uamuzi wa pili

Timu iliacha NB-IoT. Kwa matangi matano ilichagua malango ya LTE (yaani 4G) ya daraja la Cat 1 bis yenye uwezo wa kurudi kwenye 2G. Cat 1 bis inafanya kazi kwenye 4G ya kawaida, ileile wanayotumia wanakijiji, bila kuhitaji kampuni ya simu iwashe chochote mnarani, na inatumia antena moja tu. Ni kweli inakula umeme zaidi wakati wa kutuma. Lakini kwa safari nne kwa siku, huku modemu ikizimwa kabisa baada ya kila safari, nyongeza hiyo ni ndogo ukilinganisha na lango lisilojiunga kabisa. Kuzima kabisa pia kuliondoa utegemezi wa muda wa usingizi unaotolewa na mtandao.

Tangi mojawapo kati ya hayo matano linapata 2G tu, na 2G ina tabia yake. Inatuma kwa nguvu ya hadi wati 2, kwa mapigo yanayovuta karibu ampia 2, wakati LTE ya aina hii inaishia miliwati 200. Betri za lithiamu thaionili kloridi haziwezi kutoa mapigo ya namna hiyo, hasa zikiwa zimelala muda mrefu. Kwa hiyo lango lililochaguliwa lina kapasita kubwa, yaani kihifadhi cha umeme kinachoweza kuutoa kwa haraka, inayojazwa polepole na betri, na mapigo yanatoka kwenye kapasita. Lango moja lililokuwa na bei nzuri zaidi liliachwa kwa kukosa kitu hicho kimoja.

Tangi la sita liko nyuma ya kilima na halipati mtandao wowote. Hapo halikufungwa lango la simu. Kuna kisambazi kidogo cha LoRa, redio ya umeme kidogo isiyotegemea kampuni ya simu, kinachotuma kipimo hadi kwenye kisima kilicho upande wa pili wa bonde, kisha ruta ya kisimani inakipeleka.

Sensa zilibadilishwa kwa zile zinazotulia ndani ya sekunde moja, na lango linazizima baada ya kila kusoma. Hatua hii iliongeza maisha ya betri kuliko mabadiliko yoyote ya redio. Antena zilitolewa chembani, na maboksi yakahamishiwa chini ya ukingo wa paa la tangi, upande wa mashariki, yasichomwe na jua la alasiri. Joto huongeza kasi ya betri kujichakaza, na boksi jeusi lililo juani kilimani hupata moto kuliko unavyodhani.

Kuhusu mawasiliano, lango linahifadhi vipimo 24 na kuvituma kwa pamoja kila baada ya saa sita, kila kimoja na saa yake, isipokuwa kina kikivuka kikomo cha juu au cha chini. Hapo linatuma papo hapo. Usimbaji ulibaki, ila vyeti vya kidijitali vya kutambulishana na seva viliachwa na badala yake kukawekwa ufunguo wa siri tangu karakana. Kubadilishana vyeti kila safari kulikuwa kunasafirisha kilobaiti kadhaa ili kufikisha vipimo visivyofika hata kilobaiti moja.

Laini nazo zilihitaji uamuzi. Za majaribio zilisajiliwa kwa alama za vidole za fundi mmoja, kwa vifurushi vya kawaida vya mwezi. Kifurushi kikiisha, tangi linanyamaza. Fundi akihama, laini sita zinahama naye. Za sasa zimesajiliwa kwa jina la taasisi, ni laini za vifaa, na ankara ni moja.

Matokeo

Matangi matano yanatuma kama ilivyopangwa, na fundi sasa anapanda kilima akiwa na sababu. Kufurika usiku kumepungua sana kwenye matangi ambayo taarifa yake inafika kwa mhudumu wa pampu kwa wakati. Tangi la nyuma ya kilima bado linapoteza vipimo pindi ruta ya kisimani inapokosa umeme, kwa sababu kisambazi chake hakina kumbukumbu ya kutosha. Radi iliunguza sensa moja masika ya kwanza. Waya wake ulikuwa mrefu na kikinga-radi kilifungwa upande wa lango tu, bila kingine upande wa sensa.

Hakuna lango lililomaliza betri tangu mabadiliko, lakini hilo bado halithibitishi hesabu ya miaka mitatu. Kinachoaminika ni kihesabu cha matumizi kilicho ndani ya lango, na mpaka sasa kinaenda sambamba na makadirio kwenye matangi manne. La 2G linakula haraka zaidi.

Uchambuzi

Sharti la kukataza paneli lilifanya kazi nzuri kwa kufunga mjadala mapema, na pia kwa kulazimisha kila kitu kihesabiwe kwa wati-saa. Mradi wenye paneli ungeweza kuificha sensa isiyolala kwa miaka bila mtu kujua, hadi paneli ipate vumbi.

Kilichoharibu jaribio la kwanza ni kulichagua lango peke yake. Wauzaji wanauza lango, kwa hiyo karatasi inaeleza lango, na kamati ya tathmini inalinganisha malango. Betri lakini inalisha lango, sensa, kibadilishi na hali ya mawimbi ya mahali pale, na kwenye kisa hiki vitatu vya mwisho vilikula karibu kila kitu. Nafikiri mpangilio sahihi ni kupima mawimbi kwanza, kuchagua sensa ya pili, na lango liwe la tatu. Najua taratibu za manunuzi huvuta kinyume, kwa kuwa lango ndilo lenye bei kubwa na ndilo linalotangazwa. Hata hivyo upimaji wa mawimbi ulihitaji simu, laini chache na siku za kupanda vilima, kiasi kisichokaribia gharama ya vifaa sita vilivyorudishwa stoo.

Jaribio la ofisini halikuwa na thamani kwa sababu lilifanyika mahali penye mnara wa karibu, na kwa muda mfupi kuliko siku kumi za betri. Kama mkondo ungepimwa siku hiyo kwa saa moja, tatizo la sensa lingeonekana kabla ya oda.

Kuna jambo ambalo kamati ilitaka na ambalo lango la betri haliwezi kulitoa. Walitaka ofisi iweze kuamuru valvu ya tangi ifungwe. Lango lililolala halisikii amri mpaka liamke lenyewe, na saa sita ni muda mrefu kwa tangi linalofurika. Timu ilifanya vyema kukataa. Valvu ya boya imebaki kuwa kinga ya tangi, na taarifa ya "limejaa" inaenda kisimani, ambako ruta ina umeme na pampu inazimwa hapo. Anayehitaji kuamuru kifaa kilicho kilimani kwa sekunde chache anahitaji umeme wa kudumu kilimani, na mlinzi wake.

Kuhusu 2G, uamuzi wa kuibakiza kama njia ya akiba unavumilika kwa maisha ya betri moja. Nchi nyingine zimeshaizima: kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani ilifunga yake mwishoni mwa mwaka 2016, na Singapore ikafuata Aprili 2017. Tanzania bado simu nyingi za vijijini zinaitegemea. Lango lililochaguliwa litaendelea kufanya kazi kwa 4G siku hiyo ikifika, na tangi moja tu ndilo litakalohitaji njia nyingine, huenda kisambazi kama cha tangi la sita.

Zabuni ya awamu ya pili, ya vijiji vya upande wa mto, imeandikwa upya. Haiulizi tena miaka ya betri wala mkondo wa usingizini. Muuzaji anatakiwa ataje nishati ya safari moja ya kutuma, ikipimwa kwa mawimbi ya hasi 115 dBm, sensa ikiwa imefungwa. Anatakiwa aonyeshe kwamba lango linaizima sensa, kwamba linahesabu umeme linaoutumia, kwamba lina kapasita ya mapigo, na kwamba limeidhinishwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Vifaa viwili vya mfano vinakaa siku thelathini kwenye tangi lenye mawimbi mabaya kuliko yote kabla oda haijasainiwa, na anayesoma kihesabu mwishoni ni fundi wa mradi.